Sindano ya bi harusi na vidonge vya miaka mia

Wiki hii nilipanga kuwaletea mitindo ya mikono ya magauni ya nikaha, ile ya lesi, lakini itangoja. Kuna jambo lilinitokea dukani na nimelikalia kimya tangu kabla ya Ramadhani. Sasa mwenyewe kaniruhusu nilisimulie, mradi nisimtaje.

Alikuja na shangazi yake kupima gauni. Miaka 22, mwembamba, mcheshi, mtu wa piko keshamlipa nusu. Nikampima kiuno, inchi 27. Baada ya wiki tatu akaja kujaribu, gauni likamkaa kama limetundikwa kwenye msumari. Nikapima tena, inchi 25. Mabibi harusi hupungua, hilo nimelizoea, wengine hawali kwa wasiwasi na wengine hawali kusudi. Nikamtania: "Mdogo wangu, ukiendelea hivi nitashona mara ya tatu." Hakucheka. Katika nusu saa alikwenda msalani mara mbili na alimaliza chupa kubwa ya maji.

Shangazi alipotoka nje kupokea simu, akaninong'oneza. "Dada, mimi nna sukari. Ile ya sindano, tangu nna miaka 11. Nimesikia kuna vidonge siku hizi, mwenzangu yuko Omani kapewa. Nataka nianze vidonge, sindano niache kabla ya harusi. Sitaki kuingia nyumba ya watu na sindano kwenye mkoba." Na alikuwa keshaanza kuacha. Ya usiku haipigi tena. Vidonge vyenyewe vya sukari alichukua kwenye kopo la bibi yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma skuli mpaka kidato cha nne, kisha kozi ya ushoni, basi. Lakini nilijua kutosha kumwambia asiache hata sindano moja mpaka tukaulize. Asubuhi yake tulikwenda kliniki, mimi, yeye na shangazi ambaye njia nzima hakunisemesha. Wakampima damu na mkojo, wakamlaza siku hiyo hiyo. Alikaa siku tatu.

Siku hizo tatu, nikishafunga duka usiku, nilikaa na simu nikasoma. Nilitaka kujua jambo moja: huyo wa Omani kadanganywa? Nikaona hakudanganywa. Kuna vidonge ambavyo wenye sukari ya aina ya kwanza wamepewa pamoja na insulini, na wengine wanapewa mpaka leo. Ila neno lenyewe ni hilo, "pamoja". Tangu insulini ipatikane ni miaka mia na zaidi sasa, na karibu miaka yote hiyo watu wamekuwa wakitafuta kidonge cha kumpumzisha mgonjwa na sindano. Kwa aina ya kwanza hakijapatikana. Vilivyopatikana ni vya kutembea ubavuni mwa sindano, na baadhi yao vimeumiza watu. Kaeni niwasimulie.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Waganga wa Bara Hindi waliona sisimizi wanakusanyika kwenye mkojo wa mgonjwa, na wakaona pia kwamba kuna mgonjwa mwembamba na mgonjwa mnene, na hawafanani. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaeleza katika Al-Qanun: kukojoa sana, kiu, hamu ya kula isiyo ya kawaida, vidonda vinavyooza. Dawa ya kweli haikuwepo. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja wa Marekani, Frederick Allen, alikuwa mashuhuri kwa matibabu ya kumnyima mgonjwa chakula. Alimpa kidogo sana, kiasi cha kumbakisha hai. Mtoto mwenye aina ya kwanza akawa na njia mbili: kufa haraka kwa sukari au kufa polepole kwa njaa.

Hapo ndipo nilipomkuta msichana ambaye sijaacha kumfikiria. Elizabeth Hughes, binti wa Charles Evans Hughes aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani. Maradhi yalimpata mwaka 1919, ana miaka 11, kama bi harusi wangu. Mwezi Agosti 1922, anakaribia miaka 15, alikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Kilo 20! Mfuko mkubwa wa mchele una kilo 25. Baba yake waziri, fedha ipo, madaktari wapo, na mtoto anayeyuka mbele ya macho yao.

Kilichomuokoa kilitoka Toronto, Kanada. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa Macleod, walifanikiwa kutoa maji ya kongosho, kile kiungo kilichojilaza nyuma ya tumbo, yakashusha sukari ya mbwa waliokatwa kongosho zao. Tarehe 11 Januari 1922 wakamchoma Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Dawa ilikuwa chafu, ikamletea jipu, haikusaidia sana. Mwenzao James Collip akakaa akaisafisha, na tarehe 23 wakamchoma tena. Sukari ikashuka. Leonard aliishi mpaka 1935. Haki ya dawa hiyo waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu, ili asitokee mmoja akaifanya mali yake. Mimi mfanyabiashara, nikasoma hapo mara mbili.

Elizabeth alianza sindano Agosti hiyo hiyo, mikononi mwa Banting mwenyewe. Akanenepa, akasoma, mwaka 1930 akaolewa, akazaa watoto watatu, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 73. Inakisiwa alichomwa sindano zaidi ya 40,000. Na maisha yake yote alificha. Watu waliomjua miaka mingi hawakujua kwamba ana sukari. Binti wa waziri, Marekani, na alikuwa na aibu ile ile ya mkoba.

Insulini ya zamani hizo ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Nalisema hili kwa sababu bado nasikia akina mama wakimkataza mtoto sindano kwa kudhani ni ya nguruwe. Mwaka 1982 Marekani waliidhinisha insulini inayofanana na ya binadamu, inayotengenezwa na vijidudu vya bakteria maabara, na zinazotumika sasa karibu zote ni za namna hiyo, za bakteria au hamira. Mwenye wasiwasi amuulize mfamasia imetengenezwa vipi. Asimwachishe mtoto.

Sasa njoo kwenye vidonge. Kwa nini insulini yenyewe isimezwe? Kwa sababu ni protini. Tumbo linaisaga kama linavyosaga samaki, haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Na sindano za wakati ule hazikuwa hizi nyembamba. Zilikuwa za kioo na chuma, za kuchemshwa jikoni, na ncha ikiwa butu inanolewa kwenye jiwe. Nani asingetaka kidonge?

Cha kwanza kilitoka Ujerumani mwaka 1926, kikaitwa Synthalin. Watu walikifurahia sana, wakaona sindano imekwisha. Kikashusha sukari kweli, na kikaharibu ini. Katika miaka iliyofuata kikaachwa.

Kuna mmea Ulaya unaitwa galega, watu wa zamani huko waliutumia kwa dawa. Ndani yake mna kemikali ya jamaa moja na Synthalin. Wakemia waliendelea kuichezea jamaa hiyo. Mwaka 1922, mwaka ule ule wa insulini, huko Dublin walikuwa wameshaitengeneza metfomini kwenye chupa, na haikushughulikiwa sana mpaka Mfaransa Jean Sterne alipoijaribu kwa wagonjwa wa sukari, akatangaza mwaka 1957. Akaiita Glucophage, maana yake mla sukari. Marekani iliikubali mwishoni mwa 1994. Kwa hiyo ukimsikia muuza majani anasema "hata metfomini inatokana na mmea", hajasema uongo. Mmea ule ukiuchukua wenyewe una sumu, na kilichofika kwenye kopo la bibi yako kilipita mikononi mwa wakemia kwanza, miaka mingi.

Jamaa ya pili ya vidonge ilipatikana kwa ajali, na hii ndiyo iliyonifungua macho. Ni mwaka 1942, wakati wa vita, katika mji wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Daktari Marcel Janbon alikuwa akijaribu dawa mpya ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo. Wengine wakaanza kutetemeka na kuzimia, na wengine wakafa, na sababu ilikuwa sukari kushuka mno. Mwenzake, Auguste Loubatières, akaichukua dawa hiyo maabara. Kwa mnyama mzima, sukari inashuka. Kwa mnyama aliyekatwa kongosho, haishuki. Akaelewa: dawa hii haifanyi kazi ya insulini. Inalikamua kongosho litoe insulini yake. Kama kongosho halina cha kutoa, unakamua kitambaa kikavu.

Dada zangu, jibu la bi harusi wangu lilikuwepo tangu miaka ya 1940, kwenye maabara ya Montpellier. Kutokana na kazi hiyo ndipo vilipokuja vidonge vya miaka ya 1950 kama tolbutamidi, na baadaye glibenklamidi ambavyo bibi zetu wengi wanavimeza. Walijaribu kuwapa hata watoto wenye sukari ya sindano. Havikufaa. Na ndivyo alivyovichukua yeye kwenye kopo la bibi.

Mtauliza, kwa nini walichanganya? Kwa sababu muda mrefu madaktari wenyewe waliona sukari ni moja, kuna kali na kuna pole. Mwaka 1936 huko London, Harold Himsworth alionyesha kwamba kuna wagonjwa ambao insulini inawafanyia kazi mara moja na wengine ambao miili yao inaipinga. Yaani yale ya mwembamba na mnene ya Bara Hindi, sasa kwa vipimo. Mwaka 1974 tena wakaona katika damu ya wenye aina ya kwanza askari wa mwili waliogeuka kupigana na kongosho lao wenyewe. Hakuna aliyekula sukari nyingi akajiletea. Shangazi wa bi harusi mpaka siku ile aliamini ni halua za utotoni.

Nyumbani kwetu hapa mchanganyiko huo haukuwa mdogo. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kati ya 1981 na 1987 waliandikishwa wagonjwa wapya wa sukari 1,250. Kati yao 272 walihitaji insulini, 825 hawakuihitaji, na 153 madaktari hawakuweza kusema ni aina gani. Hao 153 nimewafikiria sana. Mtu mzima anaweza kuanza aina ya kwanza polepole, kongosho likawa bado na tone, vidonge vikaonekana vinafanya kazi mwaka mzima, kisha tone likakauka. Kwa hivyo ukiona dada yako mwembamba, kijana, kapewa vidonge peke yake na bado anakonda na kukojoa, arudi akapimwe upya.

Nitasema kifundi. Aina ya pili ni cherehani yenye uzi ila imekwama, kutu na vumbi. Ukiitia mafuta inashona. Aina ya kwanza uzi umekwisha. Ukiitia mafuta itakimbia vizuri, itapiga kelele nzuri, na hakuna mshono. Lakini ukishatia uzi, ambao ni insulini, je, mafuta yanaweza kusaidia ushone kwa uzi mdogo zaidi? Hilo ndilo swali la kweli, na ndilo lililompatia yule wa Omani vidonge vyake.

Swali hilo si jipya. Mwaka 1958 madaktari wa Boston walikuwa tayari wanatumia fenfomini, dada yake metfomini, ubavuni mwa insulini kwa vijana ambao sukari yao inapanda na kushuka bila mpangilio. Wakaona inatulia kidogo. Lakini fenfomini ilikuwa inajaza asidi kwenye damu ya baadhi ya watu, wakafa, na mwaka 1977 Marekani wakaiondoa sokoni. Metfomini ilipakwa tope lile lile kwa muda mrefu, ingawa yenyewe ni salama zaidi kwa mtu mwenye figo nzima.

Ikaja zamu ya metfomini. Kuna watu wa aina ya kwanza ambao wananenepa, hasa wanapopiga insulini nyingi, na mwili ukinenepa unaitaka zaidi. Wasichana wakibalehe nao mwili hukaidi insulini. Ikaonekana metfomini itasaidia. Mwaka 2015 yakatoka majibu ya utafiti wa vijana 140 wa Marekani, wa miaka 12 mpaka 19, wenye aina ya kwanza na uzito uliozidi. Nusu walipewa metfomini juu ya insulini, nusu kidonge kitupu, kwa miezi sita. Sukari yao ilimalizika sawasawa. Waliopewa metfomini waliumwa matumbo zaidi.

Mwaka 2017 yakaja mengine makubwa zaidi. Watu 428 wa miaka 40 na zaidi, nchi tano, miaka mitatu mizima, vidonge mara mbili kwa siku. Kipimo cha wastani wa sukari, kile cha miezi mitatu, kilishuka kwa asilimia 0.13 tu, na karibu yote ni miezi ya mwanzo, kisha kikarudi. Kilichobaki ni uzito uliopungua kilo moja na kitu, na mafuta mabaya ya damu yaliyoshuka kidogo. Insulini hawakuipunguza. Huo ndio ukweli wa metfomini kwa aina ya kwanza. Daktari anaweza kumpa mgonjwa mnene mwenye kutumia insulini nyingi, akawa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Kwa mwembamba wa kiuno cha inchi 25 haina kazi.

Sasa hivi vya mwisho, naomba msivipite haraka. Zamani, mwaka 1835, walitoa kwenye gome la mti wa tofaa kitu kinachoitwa florizini. Mwaka 1886 ikaonekana kwamba ukikila, sukari inatoka kwenye mkojo. Zaidi ya miaka mia baadaye wakatengeneza vidonge kwa wazo hilo: figo ziimwage sukari badala ya kuirudisha. Havihitaji kongosho hata kidogo! Mtu wa aina ya kwanza akisikia hivyo moyo unaruka, na wa madaktari uliruka pia. Mwaka 2017 utafiti wa watu karibu 1,400 wa aina ya kwanza ulionyesha kwamba sotagliflozini juu ya insulini inasaidia: waliofikia lengo bila kudhurika walikuwa asilimia 28.6, dhidi ya 15.2 waliomeza kidonge kitupu. Uzito nao unapungua. Bi harusi gani asingevitaka?

Lakini katika utafiti huo huo, kwa wiki 24 tu, waliopata asidi ya ketoni walikuwa asilimia 3.0 dhidi ya 0.6. Mara tano. Ketoni ni hivi: insulini ikikosekana, mwili hauwezi kutumia sukari, basi unachoma mafuta yake wenyewe, na moshi wa moto huo ni asidi. Mtu anatapika, anahema haraka, pumzi inanuka kama matunda yaliyovunda, anazimia, na asipowahiwa anakufa. Kwa kawaida kipimo cha kidole kinakuonya, unaona 20, unaona 25, unakimbia hospitali. Vidonge hivi vinaimwaga sukari, kwa hivyo kipimo kinasoma 10 au 11, namba isiyomtisha mtu, na ndani asidi inapanda. Kinachoichochea zaidi ni kupunguza insulini, kukaa na njaa, kutapika, kukaukiwa na maji. Nikahesabu kwenye vidole: kujinyima kula kabla ya harusi, kuacha sindano ya usiku, kisha Ramadhani.

Wakubwa wa dawa wenyewe walivutana. Mwezi Machi 2019 Ulaya ilikubali dapagliflozini kwa aina ya kwanza, kwa wenye uzito uliozidi tu. Mwezi huo huo Marekani ikaikataa sotagliflozini kwa aina ya kwanza. Mwaka 2021 kampuni yenyewe ikaondoa matumizi hayo ya dapagliflozini Ulaya. Mwishoni mwa 2024 Marekani ikakataa tena sotagliflozini. Japani bado wanavitumia baadhi yao kwa aina ya kwanza, kwa uangalizi. Na mwenye kutaka mtoto ajue havitumiki akiwa na mimba.

Kwa upande wa funga, masheikh wengi wanasema sindano ya insulini haifunguzi kwa kuwa si chakula, na kidonge ukikimeza mchana kinafunguza. Basi hata huko sindano si adui yako. Na mgonjwa ana ruhusa yake kutoka kwa Mola wake. Madaktari wanawaweka wenye aina ya kwanza kati ya walio hatarini zaidi kwa kufunga, kwa hiyo kabla ya mwezi kuandama unakwenda kliniki kwanza.

Kuna ubaguzi mmoja, nauweka hapa kwa kuwa ni mtamu. Watoto wachache sana wanapata sukari kabla ya kufika miezi sita, na zamani wote waliitwa aina ya kwanza. Mwaka 2004 iligundulika kwamba wengi wao wana kasoro moja ya kuzaliwa: kongosho lina insulini ila mlango haufunguki. Na kinachofungua mlango huo ni vidonge vile vile vya ajali ya Montpellier. Mwaka 2006 walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 49 wa namna hiyo, 44 waliacha sindano kabisa, wakiwemo waliochomwa miaka na miaka. Subhanallah. Kama mwanao alianza akiwa kitoto kichanga, kaulize. Kama alianza na miaka 11, si yeye.

Nilimpelekea bi harusi maelezo haya wodini, kwa sauti za WhatsApp, moja moja. Alikuwa keshaambiwa na daktari: ketoni zake zilitokana na zile sindano za usiku alizoziacha, na zingechelewa siku mbili nyingine tusingekuwa tunazungumzia gauni. Alipoulizia vidonge vya kuongeza, akajibiwa kwa utulivu kwamba kwa mwili wake hakuna cha kumfaa, atapewa kalamu ya insulini badala ya bomba, ni nyepesi kubeba.

Shangazi alitaka upande wa bwana harusi wasiambiwe mpaka baada ya nikaha. Hapo nilisema neno ambalo pengine halikunihusu. Nilimwambia, "Bi shangazi, akianguka usiku wa kwanza, nani atajua ampe maji ya sukari au ampe sindano?" Alininyamazia. Binti mwenyewe ndiye aliyemwambia mchumba wake, mbele ya mama yake, Ijumaa baada ya kutoka hospitali. Mchumba aliuliza maswali mawili: dalili za kushuka ni zipi, na insulini inakaa wapi kwa vile umeme unakatika.

Kiuno kilirudi inchi 26 na nusu, gauni nikalifumua mara ya tatu. Ndani ya bitana nimemtilia mifuko miwili, kulia ya peremende na mashine ya kupimia, kushoto ya kalamu. Zipu ya ubavuni nimeishusha inchi nne zaidi ya kawaida, mkono ufike tumboni bila ya kuvua gauni. Mifuko sikumtoza. Zipu ndefu nimemtoza, hizo ni ghali siku hizi.